Chungu cha Umeme cha Moto Mdogo: Kinapofaa na Kinapohasiri



Leo twaomba ruhusa ya kuingia jikoni. Kuna chombo kilichoenea katika nyumba za pwani yetu miaka ya karibuni: chungu cha umeme kinachopika kwa moto mdogo kwa muda mrefu, ambacho madukani huulizwa kwa jina lake la Kiingereza, slow cooker. Katika nyumba nyingine kimeletwa na jamaa waliotoka Ghuba au Ulaya. Katika nyingine kimekuja kwa zawadi ya arusi. Baadhi ya waliokipata hawataki tena kusikia habari ya makaa. Wengine wamekipandisha juu ya kabati baada ya kuharibikiwa na chakula mara mbili tatu, na huko kimekaa kikishika vumbi.

Makundi yote mawili yana hoja. Chombo ni kimoja na moto ni mmoja. Kinachotofautiana ni kile kilichotiwa ndani na namna kilivyotiwa. Nyumbani kwetu chungu hiki kimetumika kwa misimu kadhaa ya Ramadhani na katika miezi mingine ya mwaka, na wa nyumbani wamefanya hesabu ya vyakula vilivyokubali na vilivyokataa. Hesabu hiyo ndiyo tunayoileta hapa, pamoja na mambo mawili ya hatari ambayo kila mwenye chungu hiki yampasa ayajue kabla ya kukiwasha.

Chombo kigeni, mapishi ya kale

Chungu hiki kina sehemu tatu: chungu cha ndani cha udongo mzito uliochomwa na kung'arishwa, ganda la nje lenye nyaya za kupasha joto, na kifuniko, aghalabu cha kioo. Joto huingia polepole kutoka ubavuni na chini, na mvuke unaopanda hugonga kifuniko, ukawa maji, ukarudi chunguni. Swichi yake ina daraja mbili, moto wa chini na moto wa juu. Wengi hudhani kwamba moto wa juu humaliza kwa joto kali zaidi. Katika vyungu vingi daraja zote mbili hufikia joto linalokaribiana, karibu na kuchemka. Tofauti ni kasi ya kulifikia. Chakula kinachoiva kwa muda wa saa 3 hadi 4 katika moto wa juu huhitaji muda wa saa 7 hadi 8 katika moto wa chini.

Aliyekibuni ni Irving Naxon, fundi wa mji wa Chicago nchini Marekani, aliyepewa hataza yake mwaka 1940. Chimbuko la fikra yake ni masimulizi ya mama yake kuhusu maisha ya Mayahudi wa Lithuania. Kwa kuwa dini yao inawazuia kuwasha moto siku ya Sabato, walikuwa wakipeleka vyungu vya nyama na maharagwe kwa mwoka mikate siku ya Ijumaa kabla ya jua kutua, vikaachwa ndani ya tanuri lililokuwa likipoa polepole usiku kucha. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ilinunua biashara ya Naxon, na mwaka 1971 ikakitoa chombo hicho kwa jina la Crock-Pot. Wakati ule wanawake wengi wa Marekani walikuwa wakitoka kwenda kazini, nacho kikatangazwa kuwa ni chungu kinachopika mwenyewe asipokuwapo.

Maarifa haya hayakuwa mageni kwetu. Bibi zetu walijua kupalia: chungu kikikaribia kuiva, moto wa chini hupunguzwa na makaa machache hutiwa juu ya kifuniko, chakula kikaachwa kijimalize chenyewe. Bokoboko la ngano na nyama liliachwa juu ya mafiga kwa saa nyingi. Ndugu zetu wa Oman hufukia nyama ya shuwa katika shimo la makaa kwa siku nzima, hata mbili. Mapishi ya harisi, ambayo ni ndugu wa bokoboko letu, yaliingizwa na UNESCO mwaka 2023 katika orodha ya turathi za wanadamu kwa jina la Imarati, Oman na Saudia. Basi mwenye kusema kwamba kupika polepole ni mtindo wa kizungu hajawauliza wazee wake. Kigeni hapa ni waya wa umeme tu.

Vyakula vilivyokubali

Cha kwanza ni nyama ngumu. Katika mguu, shingo, kidari na mkia mna nyuzi nyeupe zinazofunga misuli, ziitwazo kolajeni. Moto mkali wa haraka huzikaza na nyama ikatafunika kama mpira. Moto mdogo wa muda mrefu huziyeyusha zikawa jelatini, ule ute mzito unaoipa supu uzito wake na kuigandisha inapopoa. Ndiyo maana supu ya makongoro, mkia wa ng'ombe na nyama ya mbuzi mzee hutoka ndani ya chungu hiki ikiwa imeachana na mfupa, bila ya mtu kusimama jikoni. Hapa pana faida ya mfuko pia, kwa kuwa vipande hivi aghalabu ndivyo vya bei nafuu kwa mchinjaji. Mwenye kununua sarara kwa ajili ya chungu hiki anapoteza fedha zake, kwani sarara haina kolajeni ya kuyeyushwa na itakauka.

Cha pili ni pweza. Wapishi wetu hujua kwamba pweza humtaka mpishi subira, na kwamba ana maji yake mwenyewe. Akisafishwa vizuri na kukatwa, akatiwa chunguni pamoja na vitunguu, thomu na tangawizi bila ya kuongezwa maji, hutoa mchuzi wa kumtosha na hulainika bila ya kupasuka ngozi. Tui lake hutiwa mwishoni, kwa sababu tutakayoieleza.

Cha tatu, na hiki ndicho kilichotufurahisha zaidi, ni bokoboko. Ngano iliyotwangwa na kutolewa maganda huroweka usiku kucha, kisha humwagwa maji yake. Kwa kila kikombe 1 cha ngano hutiwa vikombe 4 hivi vya maji, nyama ya mbuzi au kuku pamoja na mifupa, kijiti cha mdalasini na chumvi. Moto wa chini kwa muda wa saa 8 huifanya ngano ipasuke na nyama ilegee. Baada ya hapo mifupa hutolewa yote kwa uangalifu, na kazi ya mkono huanza: kuponda na kusonga kwa mwiko mpaka livutike, kisha samli ya moto juu yake. Umeme haujui kusonga. Lakini zile saa za kukaa na moto, kuchochea na kuhofia kuungua, zimeondoka.

Cha nne ni vyakula vya daku. Mwenye kutia shayiri au ngano na maji chunguni baada ya tarawehe, mnamo saa tatu za usiku, hukuta uji umeiva saa kumi za alfajiri. Anachobakiwa nacho ni kutia maziwa, hiliki na sukari, auache upate moto tena na awaamshe watu. Mama aliyekuwa akiamka wa kwanza na kulala wa mwisho kwa mwezi mzima hupata saa moja ya usingizi, na saa moja kwa siku 30 si jambo dogo.

Katika kufuturu hesabu ni hiyo hiyo. Chungu kikiwashwa mnamo saa nne za asubuhi kwa moto wa chini, mchuzi huwa tayari kabla ya adhana ya Magharibi. Alasiri, wakati ambapo kiu na uchovu hukutana jikoni, hubaki kazi ya viazi karai na sambusa, na nyama haina tena madai.

Ama gharama, hesabu yake ni nyepesi. Chungu cha wati 200 kikiwaka kwa muda wa saa 8 hutumia yuniti 1.6 za umeme. Jiko la koili la wati 1,500 hutumia karibu kiasi hicho kwa saa moja tu. Mwenye kununua tokeni ataona mwenyewe.

Vyakula vilivyokataa

Wali ni wa kwanza katika orodha hii. Pilau na biriani hutaka moto unaochemsha kwa nguvu, kisha unaopunguzwa, kisha unaokausha. Chungu hiki hakina hata kimoja katika vitatu hivyo: kinapasha polepole, na mvuke wake hautoki. Mchele hukaa ndani ya maji ya uvuguvugu ukinywa na kuvimba, na kinachotoka ni wali bokoboko, jina ambalo kwa ngano ni sifa na kwa pilau ni aibu. Supu na nyama ya pilau vipikwe ndani ya chungu hiki, lakini mchele upewe sufuria yake na makaa ya kupalia.

Kifua cha kuku wa kisasa ni cha pili. Nyama yake haina kolajeni ya kutosha kuilinda. Saa 3 humtosha, na saa 8 humgeuza nyuzi kavu ndani ya mchuzi. Kuku wa kienyeji, na hasa mapaja na shingo, huvumilia. Samaki ni vivyo hivyo. Changu au kolekole akitiwa tangu asubuhi hutoka amevurugika, miiba imechanganyika na mchuzi, na hiyo ni hatari kwa watoto. Samaki huingia katika nusu saa ya mwisho, mchuzi ukiwa umeshapata moto.

Tui la nazi ni la tatu, na limewaumiza wengi. Kasimile ikitiwa asubuhi ikakaa motoni kwa saa nyingi hujitenga, mafuta yakaelea juu na machicha meupe yakabaki chini. Mchuzi ukawa na sura ya maziwa yaliyoganda vibaya. Tui jepesi lipikiwe mwanzoni badala ya maji, na kasimile itiwe katika dakika 20 za mwisho, ikorogwe taratibu, kisha chungu kizimwe. Maziwa na mtindi hufuata kanuni hiyo hiyo.

La nne ni wingi wa maji. Mpishi aliyezoea sufuria hutia maji ya kutosha kuchemka na kupungua. Humu hayapungui, na nyama na vitunguu huongeza yao. Matokeo ni mchuzi mwepesi usioshika tonge. Punguza maji ya mapishi ya kawaida kwa thuluthi au hata nusu. Ikiwa umekwisha kuzidi, hamishia mchuzi katika sufuria pana na uuchemshe bila kifuniko mpaka upungue.

La tano ni ukosefu wa ladha ya kukaanga. Joto la chungu hiki haligeuzi kitunguu kuwa chekundu, na bila kitunguu chekundu mchuzi wa kwetu haujawa mchuzi. Kaanga vitunguu, thomu, tangawizi na bizari katika kikaango kwanza, nyama ipate rangi kidogo, ndipo uhamishe. Wenye kutupa kila kitu chunguni vikiwa vibichi, kama wanavyoonyeshwa katika picha za matangazo, ndio wanaolalamika kwamba chakula kina ladha ya hospitali. Karafuu, hiliki na mdalasini huzidi nguvu katika saa nyingi, basi vitiwe kwa mkono mdogo. Kotmiri na ndimu hutiwa mwisho kabisa.

La sita ni mpangilio. Viazi na karoti huiva kwa kuchelewa kuliko nyama, jambo linalowashangaza wengi, kwa hiyo vikatwe vidogo na vitangulie chini na ubavuni, palipo na joto. Chungu kijazwe baina ya nusu na thuluthi mbili. Kikiwa na kidogo mno chakula huungua pembeni. Kikijaa pomoni hakipati moto kwa wakati.

Na la saba ni mkono wa kufunua. Kila kifuniko kinapoinuliwa joto hutoka, na chungu huhitaji dakika 20 hivi kulirudisha. Jamaa wakipokezana kuchungulia, kila mmoja na kijiko chake cha kuonja, futari itachelewa na lawama itamwendea mpishi.

Hatari ya kwanza: maharagwe

Sasa tumefika katika jambo ambalo linahusu uzima wa watu. Maharagwe mabichi, na hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ya jamii ya lektini. Huharibika kwa kuchemshwa kikweli. Lakini katika joto dogo haiharibiki. Imepatikana kwamba maharagwe yaliyopashwa joto la nyuzi 80 tu huweza kuwa na sumu hadi mara 5 kuliko mabichi. Chungu cha moto mdogo huweza kukaa katika joto hilo kwa muda mrefu. Kwa hiyo maharagwe yaliyotiwa humo yakiwa makavu yanaweza kulainika, yakapendeza machoni, na yakawa na madhara.

Punje 4 au 5 zinatosha kumdhuru mtu. Baada ya saa 1 hadi 3 huanza kichefuchefu kikali, kutapika, kisha kuhara na kuumwa na tumbo. Wengi hupata nafuu baada ya saa chache. Hata hivyo mtoto mdogo, mzee, au mja mzito aliyetapika na kuharisha akakaukiwa na maji yuko katika hatari, na asicheleweshwe kupelekwa kwa daktari.

Njia ya usalama ni nyepesi na haina hiari. Roweka maharagwe kwa muda usiopungua saa 5, au usiku kucha. Mwaga maji hayo, kwa maana sumu nyingine imo humo. Tia maji mapya, uyachemshe juu ya gesi au makaa kwa nguvu, yakitokota. Dakika 10 za kuchemka huiharibu sumu, na wenye ihtiyati hushauri zifike 30. Baada ya hapo ndipo yahamie katika chungu cha umeme. Sisi twaona kanuni hii ifuatwe katika mbaazi na kunde pia, ijapokuwa sumu hiyo humo ni ndogo, ili mkono wa mpishi uzoee njia moja.

Nyanya, ndimu na ukwaju visitiwe mpaka maharagwe yawe laini, kwa kuwa ukali wake huyafanya yakatae kulainika. Ukiyaona bado ni magumu baada ya saa 8, mara nyingi sababu ni hiyo, au ni ukongwe wa maharagwe yenyewe.

Hatari ya pili: umeme unapokatika

Vijidudu vya kuharibu chakula huongezeka kwa kasi baina ya nyuzi 5 na 60. Chungu kinachofanya kazi sawasawa huvuka mpaka huo mapema na kukaa juu yake. Kwa ajili hiyo nyama iliyoganda kwa barafu isitiwe humo kabla haijayeyuka. Itakaa katika joto la hatari kwa saa nyingi. Wala nyama isitiwe chunguni usiku ikingoja kuwashwa asubuhi, na hasa katika joto la pwani. Ikatwe, ihifadhiwe kwenye friji, itiwe wakati wa kuwasha.

Lakini kwetu umeme hukatika bila ya hodi. Ukiwapo nyumbani, jambo ni rahisi: hamishia chakula kwenye gesi au makaa mara moja na umalize kukipika huko. Ikiwa chakula kilikuwa kimekwisha iva kabisa, huweza kukaa salama kwa muda wa saa 2 hivi ndani ya chungu kilichofunikwa. Mtihani ni pale unaporudi kutoka kazini ukakuta chungu kimezimika na hujui tangu lini. Vyungu vya swichi ya kuzungusha hurudi kuwaka umeme unaporudi, na vile vya vitufe vingi hubaki vimezimwa. Kwa hiyo huenda hata usijue kwamba ulikatika. Anayekiacha siku nzima afadhali awe na mtu nyumbani wa kuangalia, au awe na saa ya umeme inayomweka baada ya kukatika, imwambie.

Chakula cha namna hiyo kimwagwe, hata kikinukia vizuri. Kukichemsha tena hakutoshi, kwa kuwa baadhi ya sumu zinazoachwa na vijidudu hazivunjiki kwa kuchemshwa. Tunajua uzito wa neno hili kwa Mwislamu aliyelelewa kuogopa israfu, na kwa mama aliyeinunua nyama hiyo kwa taabu. Lakini wanazuoni wetu wameliweka wazi kwamba kuepusha madhara hutangulizwa mbele ya kutafuta manufaa, na kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria. Israfu ni kutupa kilicho kizuri. Kilichokwisha kuwa sumu si neema tena ya kusikitikiwa, na mwenye kuwalisha watoto wake chakula anachokitilia shaka ili asikitupe hajaokoa kitu.

Mabaki nayo yana adabu yake. Yahamishwe katika vyombo visivyo na kina, yaingie kwenye friji ndani ya saa 2. Yasipashwe moto katika chungu hiki, kwa kuwa kinachelewa mno. Yachemshwe katika sufuria. Na chungu cha udongo kilichotoka kwenye baridi kisitiwe katika ganda la moto, wala kisimwagiwe maji baridi kikiwa cha moto, kitapasuka.

Tumeulizwa pia kuhusu kukiacha kikiwaka usiku, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) ametuelekeza kuzima moto tunapolala. Makusudio ya mafundisho hayo ni kuilinda nyumba na kuungua. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa ni muuaji hata bila ya mwali, kwa hewa yake yenye sumu. Chungu cha umeme hakina mwali wala moshi, na kimetengenezwa ili kiachwe kikiwaka. Hata hivyo nyumba yenye nyaya kuukuu, au plagi inayopata moto, au waya mmoja wa kuongezea uliobeba friji, pasi na chungu kwa pamoja, isikiache kikiwaka watu wakiwa wamelala. Kiwekwe juu ya jiwe au meza imara, mbali na pazia, na waya wake usining'inie palipo na mtoto anayejifunza kusimama.

Muda uliopatikana ni wa nani?

Limebaki neno moja ambalo halimo katika kijitabu kinachokuja na chungu. Katika baadhi ya nyumba husemwa kwamba mwanamke anayetia nyama chunguni asubuhi akaenda zake ni mvivu, na kwamba mapenzi ya mke au ya mkamwana huonekana katika jasho lake mbele ya moto. Mara nyingi anayesema hivyo ni mama mkwe aliyepika miaka 40 kwa kuni, naye aheshimiwe, kwani ametaabika. Lakini taabu yake si sharti la kumtaabisha mwengine. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Kama yeye alihudumu, mume wa leo hashindwi kumenya vitunguu usiku, kuroweka maharagwe, na kukiwasha chungu kabla ya kutoka. Kazi yote ya kukitumia haina uzito unaomlazimu mwanamke pekee.

Tena tuangalie ni nini kinachofanywa na zile saa zilizookolewa. Tumeona nyumba ambamo chungu kilinunuliwa ili mama apumzike, na kabla ya mwezi kwisha saa zake zilikuwa zimejazwa kazi nyingine: nguo zaidi, wageni zaidi, oda za vitafunio za kuuza. Ikiwa ameyachagua hayo mwenyewe, Mwenyezi Mungu ambariki. Ikiwa amechaguliwa, basi chungu kimempumzisha kila mtu isipokuwa yeye. Saa hizo ni zake: alale, asome, ahudhurie darsa, amtembelee mamake, au akae kitako bila ya kuulizwa.

Na jirani asisahauliwe. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr azidishe maji katika mchuzi ili awafikie majirani zake. Chungu cha lita 6 kina nafasi ya wasia huo. Kwa kuwa humu maji hayapungui, mwenye kuzidisha maji azidishe na mifupa, ili bakuli linalovuka ua liwe na ladha ile ile iliyobaki nyumbani.

Kwa anayekiteremsha chungu chake kutoka juu ya kabati wiki hii, tungemshauri aanze na supu ya makongoro au ya mkia siku ambayo yuko nyumbani. Akaange vitunguu vyake kwanza, maji ayafanye ya kufunika nyama tu, asifunue kabla ya saa 6 kupita, na ndimu aitie mwisho. Ikimpendeza, mara ya pili ajaribu bokoboko. Maharagwe ayajaribu akiwa amekwisha kuyachemsha.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu na mikono inayoziandaa. Wassalamu alaykum.